Hewa ya milimani: si kweli kwamba bondeni kuna joto kila saa

Watu wengi wanaamini ukipanda juu ndo unaikuta baridi, kwa hiyo bondeni lazima pawe na joto. Kwa wastani ni kweli, hewa inapoa kama digrii 6.5 kila mita 1,000, lakini usiku usio na mawingu mambo yanageuka kabisa. Muulize mkulima wa viazi wa Kinangop, kule nyanda za juu za Kenya, Januari jalidi, ile barafu nyembamba ya alfajiri, inababua shamba la chini karibu na mto, majani yanakuwa meusi kama yamepitiwa na moto, na lile la juu kwenye mteremko linabaki kijani. Ardhi ikipoteza joto usiku, hewa iliyoigusa inapoa, inakuwa nzito, inateremka polepole na kutuama bondeni. Ukinunua shamba huko jamani usiulize bei peke yake, angalia hiyo hewa baridi itapata wapi njia ya kutoka, maana kukiwa na ua mzito wa miti umeziba upande wa chini, baridi inarundikana hapo hapo kwako.

Wengine wanadhani tabaka la hewa la chini, hili linaloguswa moja kwa moja na joto na msuguano wa ardhi, lina unene ule ule siku nzima na linafuata kila kilima. Hapana. Mchana wa jua kali linaweza kufika kilomita 1 au 2, na uso wake wa juu mara nyingi haujali vilima vidogo. Usiku linanywea, pengine lisifike hata mita 200, ndo maana moshi wa majiko unatanda bondeni asubuhi mpaka jua lipashe ardhi vizuri.

Halafu kuna hili la kwamba kilima kinapunguza tu upepo. Kule Askervein, Scotland, kilima cha mita 116 tu kilipimwa mwaka 1982 na 1983, na kileleni, mita 10 kutoka ardhini, upepo ulionekana kuzidi ule wa tambarare kwa karibu asilimia 80! Hata mitambo ya umeme wa upepo ya Ngong, Kenya, imewekwa juu kwenye mgongo wa vilima. Ila nyuma ya kilima chenye mteremko mkali hewa inavurugika, wakati mwingine inavuma kinyume kabisa, na ukiweka mtambo wako hapo utausikia upepo kweli lakini umeme utakuwa kidogo na mapanga yatachoka mapema.