Kabla Mzee Hajachomwa Sindano za Sikio

Malalamiko kuhusu sindano za sikio, yaani sindano nyembamba zinazochomwa kwenye nukta za sikio kama tiba ya mwili, yameongezeka katika kliniki yetu ya magonjwa sugu hapa Kisumu. Familia za vijijini zinawapeleka wazee wasiopata usingizi, wenye presha au kisukari, kwa watoa huduma wanaofika siku za soko. Hatuipigi vita tiba hii. Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba asili na tiba mbadala, na ramani ya sikio inayofuatwa na wengi, inayoonyesha nukta ipi inahusishwa na kiungo kipi cha mwili, ilianzia kwa daktari Mfaransa, Paul Nogier, miaka ya 1950. Wapo wanaosema wamelala vizuri zaidi, ila tafiti nyingi ni ndogo na hazitoshi kuifanya tiba ya kwanza.

Swali tunaloulizwa kila kliniki: ndani ya sindano hiyo mna dawa gani? Hamna. Haitibu kisukari wala presha. Anayemwambia mama yako aache vidonge ili sindano "ifanye kazi" anamtafutia kiharusi.

Kwanza chunguzeni mzee anaamka kufanya nini. Wengi huamka kukojoa, wakatoka nje gizani kwenda chooni, na wakirudi usingizi umeruka. Mara nyingi kidonge cha kupunguza maji mwilini kimemezwa jioni, au sukari iko juu. Muulizeni muuguzi kuhusu saa za dawa, msijipangie. Asiyeweza kupumua akilala mpaka aegemee mito mitatu, huenda moyo wake umelemewa. Huyo aletwe siku hiyohiyo. Na Piritoni si dawa ya usingizi, jamani! Mzee mwenye tezi dume iliyovimba, Piritoni inaweza kumfungia mkojo kabisa.

Mkiamua kwenda, ombeni leseni ya mtoa huduma, si cheti cha semina, na jina lililo kwenye leseni lilingane na kitambulisho chake. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yenu. Itumike mara moja, kisha itupwe kwenye kisanduku maalumu cha vitu vyenye ncha kali, si kopo la majani chai. Mwelezeni kama mgonjwa ana kisukari au anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Gegedu la sikio, ile sehemu ngumu inayopindika, hupata damu kidogo. Likiingia usaha hupona polepole, na sikio linaweza kukunjamana moja kwa moja. Mbegu ndogo zinazobandikwa sikioni kwa plasta badala ya sindano hazikusudiwi kutoboa ngozi, lakini nazo zikiachwa muda mrefu huchubua.

Malalamiko yaandikwe: tarehe, mahali, jina alilojitambulisha nalo, kiasi kilicholipwa, risiti ikiwapo, na picha ya sikio. Pelekeni kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo, mgongewe muhuri kwenye nakala yenu. Anayejifanya tabibu bila leseni anaweza kushtakiwa na kupata faini, kifungo au vyote viwili. Ila sikio likishavimba, msikae nyumbani mkitafuta risiti. Mgonjwa aje kwanza, barua itafuata.