Ulichoweka Si Meza, Umeweka Zamu

Juzi tena. Tiketi za ndege tumemaliza, viza zimetoka, tiketi za siku tatu za Disney World, bustani za burudani kule Orlando, Florida, zimelipiwa, na baba wa familia yuko mbele yangu ameshika kalamu. Namuuliza, "Meza za chakula tuweke wapi?" Anacheka. "Dada, sisi siyo waheshimiwa. Njaa ikiuma tutaingia popote."

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno ofisini kwangu, na kila mara inanichoma, maana najua inakoishia: watoto wanalia, mama kashika sinia la chipsi, anazunguka juani kutafuta pa kukaa.

Hapa Dodoma tumezoea kuingia na kukaa. Hata Bunge likiwa linaendelea na mji umefurika, mwenye mgahawa atakutolea viti vya plastiki, atakusogeza chini ya mti, na utakula. Orlando hakuna kiti cha kuongeza. Mgahawa una meza zake, jiko lina watu wake, na meza hizo zimeanza kugawiwa kwa saa tangu miezi miwili nyuma. Baba huyu huyu akienda Dar Ijumaa jioni hakanyagi stesheni bila tiketi ya SGR yenye namba ya behewa na ya kiti. Hajioni mheshimiwa kwa hilo. Anajua tu kwamba treni ikijaa imejaa.

Migahawa ya kujihudumia naipita haraka, kwa sababu haiwekewi meza. Unaagiza kwenye programu ya simu, unachagua muda wa kuchukua, ukiitwa unabeba sinia lako. Agizeni saa nne asubuhi chakula cha saa sita, mmemaliza kazi. Vitafunwa vya nyumbani vinaruhusiwa kuingia, mradi hakuna chombo cha kioo wala kitu cha kupasha moto, kwa hiyo chapati zenu zitapita. Maji ya barafu mnaomba bure kaunta.

Shida ni migahawa ya kuhudumiwa mezani. Dirisha la kuziwekea meza linafunguka siku 60 kabla. Mlo wa Julai 20 unatafutwa Mei 21. Kabla ya Uviko zilikuwa siku 180, ndiyo maana shangazi aliyekwenda enzi hizo anawatisha kwamba mmechelewa. Wanaolala hoteli za Disney zenyewe wana upendeleo: siku ya 60 kabla ya kufika kwao, wanaweza kuweka milo ya safari nzima kwa mkupuo mmoja, hadi siku kumi za kukaa kwao. Ukiwa kundi hilo, mlo mgumu kupatikana uweke siku za mwisho wa safari, kwa sababu wakati wewe unauchukua, wengi dirisha lao la tarehe hiyo bado limefungwa. Wateja wangu wengi hulala kwa ndugu, kwa hiyo kila tarehe ina asubuhi yake ya kushindania.

Na asubuhi hiyo si yetu. Kwenye mtandao meza zinafunguka 6:00 ya Florida, yaani saa kumi na mbili alfajiri kwao. Kwetu ni saa saba mchana wakiwa kwenye majira yao ya kiangazi, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na saa nane mchana miezi iliyobaki. Nimeshuhudia mtu akiamka saa kumi na mbili ya Dodoma, akakuta hakuna kitu, akaenda zake kazini akiamini zimekwisha. Zilikuwa hazijafunguliwa.

Sasa nifike kwenye linalonikera kuliko yote. Mtu akishapata uthibitisho wa saa saba na nusu, anaamini kuna meza imefutwa, imewekwa vijiko, inamsubiri yeye saa saba na nusu. Halafu anafika, anaambiwa asubiri kidogo, anasimama dakika ishirini, ananipigia simu kwa hasira kwamba nimemdanganya. Ndugu yangu, ulichoweka si meza. Umeweka zamu. Maana yake ni kwamba kuanzia saa saba na nusu, meza inayotosha idadi yenu ikipatikana, ninyi mnatangulia mbele ya waliokuja bila miadi. Waliokaa kwenye meza hiyo hawafukuzwi ili ninyi mkae. Mtoto wao akitaka aiskrimu ya pili, mtamsubiri amalize.

Ukilielewa hilo unaipanga siku yako kwa namna nyingine kabisa. Watoto wanaokula saa saba unawawekea zamu ya saa sita na robo, kabla njaa haijafika, ili kusubiri kusiwe adhabu. Hupangi bembea yenye muda maalumu dakika arobaini baada ya chakula. Na unahesabu watu sawasawa, kwa sababu zamu inafuata ukubwa wa meza: mtoto mchanga naye anahesabika hata kama atalala mgongoni muda wote. Familia moja niliyoihudumia walijiwekea wenyewe watu wanne, wakafika watano na kichanga, wakasubiri huku meza za wanne zikipita mbele ya macho yao.

Tena angalieni mgahawa uko bustani ipi. Disney World ina bustani nne, na mgahawa ulio ndani ya EPCOT haufikiki kwa tiketi ya Magic Kingdom peke yake ya siku hiyo. Migahawa ya hotelini ndiyo haihitaji tiketi ya bustani. Hapo ndipo ninapowapeleka Watanzania kwa moyo mweupe, Animal Kingdom Lodge, kwenye Boma, Jiko na Sanaa. Ndiyo, hayo ndiyo majina yake. Sanaa ina madirisha yanayotazama uwanda, twiga na pundamilia wanapita huku mnakula mikate ya Kihindi na vichovyo vyake. Mteja mmoja alinitumia video ya mwanawe wa miaka sita akimfundisha mhudumu kutamka "sanaa", polepole, silabi kwa silabi, na mhudumu anarudia. Niliitazama mara tatu.

Usipokwenda na hukufuta, wanakata dola 10 kwa kila mtu. Kwenye migahawa mingi unafuta bure hadi saa mbili kabla ya muda wako, na kanuni hiyo ndiyo rafiki wa aliyechelewa. Mwaka fulani mama mmoja alinipigia akiwa Magic Kingdom, kwao mchana, kwetu saa mbili usiku. Hawana meza, mkwe wake mgonjwa wa sukari hawezi kuendelea kula vitafunwa. Nikamwambia wampe kitu cha kushikilia, wakae kivulini, mengine aniachie. Akaunti yao ilikuwa kwenye simu yangu. Nikakaa barazani kwangu Area D, hapa Dodoma, nikawa nafungua na kufunga ukurasa ule ule, nikitafuta meza ya watu watano ya kuanzia saa kumi na moja jioni ya kwao. Hakuna. Hakuna. Saa nne usiku ya Dodoma ilipogonga, kwao saa tisa alasiri, watu walianza kufuta ya jioni, na Plaza Restaurant pale Main Street ikajitokeza, saa kumi na moja na dakika kumi. Niliibonyeza kidole kinatetemeka.

Usiku ule uliniachia swali ambalo bado ninalo. Nawahimiza watu wakeshe na siku 60, halafu naona asiyejipanga anapata meza kwa saa mbili. Hata hivyo siwezi kumshauri mtu aweke mlo wa mzee mgonjwa rehani kwa bahati ya mtu mwingine kughairi. Lingine linalonikosesha amani ni Cinderella's Royal Table, mgahawa ulio ndani ya ngome ya Cinderella pale Magic Kingdom. Bei yake ni ya kichwa, nzito, na mtoto wa miaka kumi analipiwa kama mtu mzima. Nimepeleka binti aliyelia kwa furaha. Nimepeleka pia aliyelala juu ya kitambaa cha meza kabla ya supu. Kila mzazi akiniuliza kama inastahili, namjibu kwa kumuuliza mtoto wake huamka na kulala saa ngapi.

Baba wa juzi tulibishana hadi chai ikapoa. Wanafikia kwa shemeji yake Kissimmee, mji jirani na Orlando, kwa hiyo tumepanga mlo mmoja tu wa mezani kila siku. Tarehe yake ya kwanza inafunguka Alhamisi. Benki wamfungulie kadi kwa malipo ya mtandaoni kabla ya Jumatano, na Alhamisi yenyewe saa sita na dakika hamsini mchana awe hapa ofisini, simu ina chaji. Nimeandika watu sita. Wa miezi minane nimemhesabu.