Inalia, Lakini Si Nzima: Dhana Potofu Kuhusu Kamera za Zamani

Mteja anaiweka kamera mezani, anavuta mkono wa filamu, anafyatua. Klak! Kisha ananitazama usoni. "Umesikia, fundi? Bado inalia vilevile. Ilikuwa ya marehemu baba, imekaa kabatini miaka thelathini bila kuguswa." Hayo ya mwisho anayasema kama sifa, na ndiyo yanayonitia hofu.

"Kamera ikilia, ni nzima." Nimelisikia hili mara nyingi mno, na limeharibu picha nyingi kuliko kamera kuanguka chini. Chukua kamera za pazia la kitambaa, kama Pentax K1000 au Olympus OM-1. Shata yake, yaani mlango wa kupitisha mwanga, ina mapazia mawili: la kwanza linafungua njia ya mwanga, la pili linafuata na kuifunga. Kwenye kasi ya 1/1000 ya sekunde, la pili huondoka kabla la kwanza halijafika mwisho, hivyo mwanga huifikia filamu kupitia mwanya mwembamba unaokimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mafuta yakiganda na pazia la kwanza likawa zito, la pili hulifikia njiani. Mwanya unazibika, na upande mmoja wa picha unatoka mweusi. Mlio lakini ni uleule.

Kijana mmoja aliuamini mlio huo akaenda nao kwenye harusi ya dada yake, filamu tatu nzima. Baadaye aliniletea negativu, yaani filamu iliyosafishwa, ambayo palipo peusi kwenye picha huwa wazi, tukaziweka kwenye taa: kila fremu iliyopigwa juani ilikuwa na ukanda mtupu pembeni, unapitisha nuru kama kioo. Sura za wazee waliosimama upande ule hazimo. Hakuna fundi wa kuzirudisha.

Kasi za chini nazo huugua mapema. Zinaongozwa na gia ndogondogo, na grisi iliyotiwa kiwandani miaka ya 1970 leo inanata kama nta. Weka sekunde moja, fyatua, sikiliza: gia zinatakiwa zingurume sawasawa hadi mwisho. Zikisitasita, au pazia likabaki wazi mpaka uigonge kamera kwa kiganja, usitie filamu. Kisha toa lenzi, fungua mgongo, elekeza kamera kwenye dirisha lenye mwanga na fyatua kwa 1/1000 huku ukichungulia kwa nyuma. Unatakiwa uone mstatili mzima umeng'aa. Upande mmoja ukiwa giza, jibu umelipata bila kupoteza hata fremu moja. Jaribio hili halichukui hata dakika tano, na bado watu hawalifanyi.

Wengine hunionyesha tangazo la kamera yao kutoka jarida la zamani, limekatwa kwa mkasi na kuhifadhiwa vizuri. Nami nayapenda matangazo hayo, naweza kuyasoma jioni nzima. Ila tangazo lilisifu kamera iliyotoka kiwandani wiki ile. George Eastman alipoanza kuuza kamera yake ya Kodak mwaka 1888, aliwaahidi watu kwamba wao wabonyeze kitufe, yaliyobaki yatafanywa na kampuni. Mteja akimaliza picha zake 100 alirudisha kamera nzima kiwandani, ikatolewa filamu, ikatiwa nyingine, ndipo akarudishiwa. Watu wamekumbuka kubonyeza kitufe, hayo yaliyobaki wameyasahau.

"Haijatumika, kwa hiyo haijachakaa." Kamera huchakaa ikiwa imelala. Sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma huoza zikawa kama lami, na ukizigusa zinabaki kidoleni. Lenzi iliyofungiwa kwenye mfuko wa ngozi huota kuvu, kwa sababu ngozi hushika unyevu. Itoe kwenye mfuko huo leo, iweke mahali pakavu penye hewa, na kila mwezi ifyatue kwa kasi zote.

"Tone la mafuta ya cherehani litailainisha." Tafadhali, usifanye hivyo. Mafuta hayakai ulipoyatia, hutambaa hadi kwenye mapazia na kwenye bapa za tundu la lenzi. Kazi ya saa moja inageuka kuwa ya siku mbili.

"Kamera za zamani hazihitaji betri." Inategemea ni ipi. K1000 hupiga bila betri, kinachokufa ni kipima mwanga tu. Canon AE-1 ya mwaka 1976 ni ya elektroniki: bila betri yake ya volti 6 shata haifunguki kabisa. Nimeletewa AE-1 zilizodhaniwa kuwa zimekufa, kumbe zilihitaji betri mpya tu. Kwa upande mwingine, OM-1 ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ukitia ya volti 1.5 bila kurekebisha, kipimo kinakudanganya na picha zinatoka na giza.

"Picha za filamu zilikuwa na rangi zilizofifia." Hizo ni rangi za uzee. Karatasi ya jarida imegeuka manjano na wino umepauka, na picha za albamu nazo zimepoteza rangi kwa miaka. Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak iliyoingia sokoni 1935, ilikuwa na wekundu wa kukushtua, na slaidi zake zilizotunzwa gizani bado zinao.

"Lenzi ikiwa ya manjano imekwisha." Si lazima. Baadhi ya lenzi za Pentax ziitwazo Super-Takumar 50mm f/1.4 zilitiwa thoriamu, metali yenye mionzi, kwenye kioo, nayo hukitia umanjano kadiri miaka inavyopita. Kuitumia hakuna hatari. Itoe kwenye kamera, usiielekeze kamwe kwenye kitu kinachoshika moto, kisha iweke chini ya taa ya miale ya urujuanimno kwa siku kadhaa. Kioo kitaanza kurudi cheupe kidogo kidogo.