Vyuma, Mbio na Mpira wa Kikapu: Dhana Potofu Zinazowagharimu Wachezaji

Mchezaji akinyanyua vyuma asubuhi, kisha jioni akakosa mitupo mitano mfululizo, hukumu hutolewa papo hapo kwamba vyuma vimemharibia mkono. Mwenzake akikimbizwa mpaka akatapika, husemwa kwamba siku hiyo amefanya mazoezi ya kweli. Hukumu zote mbili zina kosa moja: zinapima zoezi kwa namna mwili unavyojisikia siku hiyo, ilhali kazi ya kocha wa viungo, yaani anayeandaa miili ya wachezaji, hupimwa kwa namna mwili unavyokuwa baada ya wiki na miezi. Dhana nyingi potofu kuhusu maandalizi ya mwili katika mpira wa kikapu zimezaliwa na hukumu hii ya siku moja, na nyingine zimerithiwa tu kutoka kwa makocha waliozipokea bila kuzichunguza. Ninazozijadili hapa ni zile ambazo, kwa maoni yangu, huwaumiza wachezaji zaidi.

Dhana: vyuma huharibu shabaha

Hii ni miongoni mwa dhana kongwe kabisa. Kwa miaka mingi makocha wengi, hata wa ngazi za juu, waliwakataza wachezaji wao kugusa vyuma, wakiamini kwamba misuli ikinenepa mkono hukakamaa na mpira hutoka vibaya vidoleni.

Ukweli ni kwamba mtupo huanzia miguuni. Nguvu ya kuufikisha mpira kwenye ringi iliyo mita 3.05 kutoka sakafuni, mtupaji akiwa nyuma ya mstari wa pointi tatu wa FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, ulio umbali wa mita 6.75, hutoka kwenye vifundo, magoti na nyonga, ikapitia kiwiliwili, na mkono ukabakiwa hasa na kazi ya kuelekeza. Miguu ikichoka, bega na kiwiko hulazimika kufidia, na ndiyo sababu mitupo ya robo ya nne huanza kugonga ukingo wa mbele wa ringi. Mchezaji mwenye miguu yenye nguvu hutumia sehemu ndogo ya uwezo wake katika kila mruko, kwa hiyo mtupo wake wa dakika ya 38 hufanana zaidi na ule wa dakika ya 3.

Mfano unaojulikana ni wa Michael Jordan, nyota wa NBA, ligi kuu ya Marekani. Timu yake ya Chicago Bulls ilitolewa na Detroit Pistons katika mchujo wa 1988, 1989 na 1990, mara nyingi kwa mchezo wa kugongana miili ambao hakuwa na uzito wa kutosha kuustahimili. Mwaka 1989 alianza kufanya kazi na mkufunzi Tim Grover, wakauongeza uzito wa mwili wake kidogo kidogo ili mizani ya mruko na mtupo wake isivurugike. Msimu wa 1988–89 alifunga asilimia 53.8 ya mitupo yake ya uwanjani, yaani isiyo ya adhabu. Msimu wa 1990–91, ambao Bulls waliwafunga Pistons na hatimaye kutwaa ubingwa, alifunga asilimia 53.9. Vyuma havikuigusa shabaha yake.

Hata hivyo, dhana hii ina chembe ya ukweli ambayo kocha makini hawezi kuipuuza. Zoezi zito ambalo mwili haujalizoea huacha maumivu ya misuli kwa siku moja hadi tatu, na katika siku hizo mtupo hupungua ulaini kweli. Dawa yake ni mpangilio: mazoezi mapya na mazito yaanzishwe nje ya msimu, mzigo uongezwe polepole, na siku mbili kabla ya mechi pasiletwe zoezi lolote geni. Tena, kunyanyua kwa ajili ya nguvu si sawa na kunyanyua kwa ajili ya kutunisha mwili. Seti chache za marudio matatu hadi matano, kwa uzito mkubwa na mapumziko ya kutosha, huufundisha mfumo wa neva kuiita kazini misuli mingi zaidi kwa wakati mmoja, na mchezaji huweza kuongeza nguvu nyingi bila kuongeza kilo nyingi.

Dhana: pumzi ya mchezo hujengwa kwa mbio ndefu

Utafiti uliochapishwa mwaka 1995, uliofanywa kwa wachezaji wa ligi kuu ya Australia, ulihesabu wastani wa mienendo inayokaribia 1,000 kwa kila mchezaji katika mechi moja. Mwenendo ulibadilika kila baada ya sekunde 2 hivi: kukimbia, kusimama, kuteleza kiulinzi, kuruka, kutembea. Mbio kali zilidumu kwa wastani wa chini ya sekunde 2, na zilijitokeza takribani mara moja katika kila sekunde 21 za mchezo. Wakati huohuo, mapigo ya moyo yalikuwa kwa wastani asilimia 89 ya kiwango cha juu kabisa cha mchezaji.

Takwimu hizo zinaeleza kwa nini mchezaji anayekimbia kilomita 10 kila alfajiri bado huweza kuhema ovyo katika robo ya pili. Mbio za mwendo mmoja hazimfundishi kufunga breki, na kufunga breki ndiko kunakoitesa misuli ya mapaja kuliko kukimbia kwenyewe. Hazimfundishi kugeuka wala kuruka akiwa amechoka, na uwanja wenye urefu wa mita 28 haumpi nafasi ya kufika kwenye mwendo alioujengea mwili wake.

Wapo walioyasikia haya wakakimbilia upande wa pili, wakidai kwamba mfumo wa mwili wa kutumia oksijeni hauna kazi katika mchezo huu. Nao wamekosea. Mruko na mbio ya sekunde mbili huendeshwa na akiba ya nishati ya haraka iliyo ndani ya msuli, na akiba hiyo ikipungua ni oksijeni inayoijaza upya. Takribani nusu hurudi ndani ya sekunde 30, na kujaa kabisa huhitaji dakika kadhaa. Mchezaji ambaye mfumo huo ni dhaifu huruka vizuri mara ya kwanza, lakini ribaundi, yaani mpira uliorudi baada ya mtupo kukosa, ikipiganiwa mara tatu mfululizo hawezi kuruka tena kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo msingi wa pumzi ujengwe nje ya msimu, kisha kadiri msimu unavyokaribia kazi igeuzwe kuwa vipande vifupi vya kasi vyenye kusimama na kugeuka, na hasa michezo ya watatu kwa watatu kwenye uwanja mzima, ambako pumzi hujengwa pamoja na maamuzi.

Kuhusu mbio za adhabu, msimamo wangu ni thabiti: ziachwe. Kocha anayewakimbiza wachezaji mara ishirini ukuta hadi ukuta kwa sababu wamepoteza mipira huongeza mzigo ambao hakuna aliyeupanga, aghalabu siku ambayo miguu tayari imechoka, na huwafundisha vijana kuichukia kazi ambayo wangepaswa kuiona kuwa ni sehemu ya ufundi wao.

Dhana: kijana anayenyanyua vyuma haendelei kurefuka

Katika mchezo unaothamini urefu, hofu hii inaeleweka, na wazazi wanaoileta wanastahili jibu la heshima. Hofu yenyewe inahusu sehemu laini za ukuaji zilizo karibu na ncha za mifupa. Jumuiya ya Madaktari wa Watoto ya Marekani imeeleza katika miongozo yake kwamba mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri na kusimamiwa hayaonekani kuathiri urefu wala afya ya sehemu hizo. Majeraha yaliyowahi kutokea kwa vijana yamehusishwa zaidi na ukosefu wa msimamizi, mbinu mbaya na kujaribu uzito uliopita kiasi.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kijana huyohuyo anayekatazwa kuchuchumaa na chuma chepesi mabegani hurukaruka uwanjani mara nyingi kila siku, na kila anapotua sakafu humrudishia nguvu inayozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa. Mzigo anao tayari. Anachokosa ni maandalizi ya kuubeba. Anayeweza kusikiliza na kufuata maelekezo anaweza kuanza kwa uzito wa mwili wake, kisha vyuma vyepesi, na kocha asimwongezee kilo hata moja mpaka umbo la zoezi limetulia.

Dhana: kiatu cha shingo ndefu hutosha kulinda kifundo

Kuteguka kifundo cha mguu ndilo jeraha la kawaida kabisa katika mpira wa kikapu, na mara nyingi hutokea mchezaji anapotua juu ya mguu wa mwenzake. Utafiti wa mwaka 1993 uliowalinganisha wachezaji wa vyuo waliovaa viatu vya shingo ndefu na wale wa shingo fupi haukuona tofauti ya maana katika idadi ya waliotegukwa. Vinavyosaidia ni vitu viwili tofauti. Kishikizo cha kifundo kinachofungwa kwa kamba kimethibitika kupunguza majeraha hayo kwa wachezaji wa shule za sekondari, na madai kwamba kinadhoofisha kifundo hayana msingi. La pili ni mazoezi ya usawa wa mwili: kusimama kwa mguu mmoja, kisha kwa macho yaliyofumbwa, kisha huku unapokea na kutoa pasi. Ni dakika chache tu, lakini zifanywe mara kadhaa kwa wiki, na aliyewahi kuteguka ndiye anayezihitaji zaidi.

Kifundo pia hulindwa na sehemu zilizo mbali nacho. Stephen Curry, mtupaji nyota wa NBA, alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha mguu wa kulia mwaka 2011 na tena 2012, na wengi waliona kwamba mwili wake hautadumu. Keke Lyles, aliyesimamia maandalizi ya mwili katika klabu ya Golden State Warriors, alielekeza kazi kwenye nyonga: kuinama kwa kukunja nyonga huku mgongo umenyooka, na kunyanyua chuma kutoka sakafuni, mpaka Curry akafikia takribani kilo 180, zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Nyonga ikiwa na nguvu, mabadiliko ya ghafla ya mwelekeo hubebwa na misuli mikubwa, na kifundo hakiachiwi kazi yote. Mtupaji huyo akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na 2016, jambo linalojibu pia ile dhana ya kwanza.

Dhana: wasichana wakinyanyua vyuma watapoteza umbo

Homoni za mwili wa kike haziruhusu misuli kunenepa kirahisi namna hiyo, na wanawake wengi huongeza nguvu kwa kiasi kikubwa bila mabadiliko makubwa ya ukubwa wa mwili. Dhana hii isingestahili aya ndefu kama isingekuwa na gharama kubwa. Katika mpira wa kikapu wanawake huchanika ligamenti ya mbele ya goti, mojawapo ya kamba zinazounganisha mifupa ya goti, mara mbili hadi nne zaidi ya wanaume, mara nyingi bila kuguswa na mtu, wakati wa kutua au kukata kona. Programu zinazochanganya nguvu, mafunzo ya kutua na usawa wa mwili zimepunguza majeraha hayo kwa wanawake kwa takribani nusu.

Kocha wa viungo anayejua kazi yake hukaa mbele ya mchezaji na kumtazama anavyoshuka kutoka kwenye kiboksi. Huangalia kama magoti yanaingia ndani na kukaribiana, kama nyonga zinarudi nyuma au mwili unabaki wima kama nguzo, na kama mguu mmoja unagusa sakafu kabla ya mwingine. Husikiliza pia: kutua kwa kishindo ni dalili kwamba viungo vimepokea mshtuko ambao misuli ingepaswa kuupokea. Hapo ndipo marekebisho huanzia, kabla ya kuruka juu zaidi.

Dhana: goti likiuma, pumzika mpaka lipone

Maumivu ya kano iliyo chini ya pia ya goti huwapata takribani theluthi moja ya wachezaji wa ngazi ya juu wa mchezo huu. Mapumziko kamili hutuliza maumivu kwa wiki mbili, mchezaji akafurahi, kisha akirudi uwanjani maumivu hurudi naye, kwa kuwa kano isiyopewa mzigo hupoteza uwezo wa kuubeba. Njia yenye matokeo bora ni kupunguza miruko kwa muda na kuanza kunyanyua uzito mkubwa polepole, sekunde tatu kushuka na tatu kupanda, mzigo ukiongezwa kwa muda wa wiki 12 hivi. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanakubalika iwapo yametulia kufikia kesho yake. Maumivu makali, goti lililovimba au linalokwama ni habari nyingine, na linahitaji daktari.

Kunyoosha misuli ukiwa umesimama tuli kabla ya mechi nako hupewa sifa zaidi ya kunavyostahili. Ukishikilia msuli mmoja kwa zaidi ya sekunde 60, nguvu ya kuruka hupungua kwa muda. Kabla ya mechi upashe mwili moto kwa kujongea. Kunyoosha kwa muda mrefu kufanywe baadaye.

Dhana: msimu ukianza, vyuma viwekwe kando

Timu nyingi hufanya kazi nzuri kabla ya msimu, kisha huifuta kwa mikono yao wenyewe. Nguvu huanza kupungua baada ya wiki tatu au nne bila vyuma, kwa hiyo timu iliyoacha mwanzoni mwa msimu huingia kwenye mchujo ikiwa na miili dhaifu kuliko iliyoanza nayo. Kuitunza nguvu ni rahisi kuliko kuijenga: kipindi kimoja au viwili kwa wiki, seti chache, hutosha, mradi uzito ubaki mkubwa. Kosa la kawaida ni kubakiza marudio mengi na kushusha uzito, jambo linalochosha miguu bila kutunza nguvu.

Kipindi hicho kiwekwe mbali na mechi ijayo kadiri ratiba inavyoruhusu. Klabu nyingine hukifanya mara tu baada ya mechi ili siku inayofuata ibaki ya mapumziko kamili. Wachezaji wa kikosi cha kwanza wapunguziwe, kwa kuwa mechi tayari zimewapa mbio na miruko ya kutosha. Mchezaji wa akiba anayeingia kwa dakika tano anahitaji kazi ya ziada ya vyuma na ya kasi siku ileile au kesho yake, vinginevyo mwenzake akiumia katikati ya msimu, ataombwa acheze dakika 30 kwa mwili ulioandaliwa kwa dakika tano.