Je, wajua kwa nini kituo cha TAZARA kipo mbali na Stesheni?

Mgeni akishuka Dar es Salaam kwenye kituo cha TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, pale Barabara ya Nyerere inapokutana na ya Mandela, swali lake la kwanza huwa hili: mbona treni haikutufikisha mjini? Stesheni, ile ya Reli ya Kati iliyo jirani na bandari, iko kilomita kama tano mbele. Basi anabeba mzigo wake, anatafuta daladala.

Jibu fupi ni milimita 67.

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Upana kati ya chuma na chuma ni milimita 1,000, mita moja kamili. Kwa TAZARA ni milimita 1,067. Laza kiganja mezani, ubane vidole vinne pamoja: tofauti yenyewe haizidi hapo. Ukisimama njiani ukitazama kwa macho tu, huioni.

Gurudumu la treni linaiona. Kila gurudumu lina ukingo upande wa ndani, na ukingo huo ndio unaolizuia lisitoke kwenye chuma. Chukua behewa la TAZARA uliweke juu ya Reli ya Kati: kingo zake zitapanda juu ya vyuma badala ya kushuka ndani yake, na hapo behewa halina kinachoongoza. Chukua la Reli ya Kati ulipeleke TAZARA: upande mmoja ukikaa sawa, upande wa pili unashika chuma kwa ncha tu. Mtikisiko mmoja, limedondoka katikati ya njia.

Sasa kwa nini hawakujenga upana ule ule uliokuwepo? Hapa inabidi twende Zambia. Nchi hiyo ilipata uhuru mwaka 1964 bila bahari, na shaba yake ilitegemea reli ya kusini kupitia Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Mwaka uliofuata, Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ikajitangazia uhuru wake, na njia ile ikawa kitanzi shingoni. Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi walikuwa wameshasema reli ya kwenda Dar es Salaam haitalipa. Nyerere na Kaunda, marais wa Tanzania na Zambia, wakaenda kwa Wachina, mkataba ukasainiwa Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970 kwa mkopo usio na riba. Kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, zilikamilika mwaka 1975, na mwaka 1976 reli ikakabidhiwa.

Reli za Zambia, kama za nchi nyingi za kusini mwa Afrika, ni za futi tatu na nusu, ndizo hizo milimita 1,067. Behewa likipakiwa shaba huko lilitakiwa lije mpaka bandarini bila mzigo kuhamishwa. Kwa hiyo Wachina, ambao kwao njia ni milimita 1,435, walijenga upana usio wao wala wetu. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi kabisa, kwa sababu reli ilijengwa kuikomboa Zambia, na abiria wa kuunganisha Stesheni hakuwa ndiye aliyefikiriwa kwanza. Njia ya TAZARA inakwenda Kurasini bandarini. Haina haja ya kupita Posta, katikati ya jiji. Mizigo ya reli hizi mbili ilikuja kuwekewa kituo cha kuhamishia Kidatu, huko bonde la Kilombero, na si hapa jijini.

Majohe, upande wa Gongo la Mboto, yapo makaburi ya wataalamu wa Kichina waliofariki wakati wa kazi ile, zaidi ya 60. Yametunzwa vizuri. Anayepita huko na atenge nusu saa akayaone.

Halafu jiji likakua likaifuata reli. Oktoba 2012, foleni ikiwa imeshachosha watu, treni ya mjini ikaanza, na watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule, Harrison Mwakyembe. Zilianza mbili siku ile ile: moja ya Reli ya Kati, Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na nyingine ya TAZARA hadi Mwakanga. Kituo kilichojengwa kwa safari za siku mbili kwenda Kapiri Mposhi kikaanza kupokea watu wanaowahi kazini, kutoka vituo kama Kitunda, Kipunguni B na Kwa Fundi Umeme. Jina hilo la mwisho nalipenda sana. Hakuna mhandisi aliyelichora kwenye ramani, ni watu wa mtaa waliomjua fundi wao.

Zile milimita 67 hazikuondoka. Treni mbili za jiji moja, kila moja kwenye njia yake, hazikuweza kuazimana hata behewa.

Mwaka 2024 ikaja ya tatu, SGR, reli mpya ya umeme ya milimita 1,435, na jengo lake lenye umbo la tanzanite likasimama jirani na Stesheni ya zamani. Mtu wa Majohe anayekwenda Dodoma kwa SGR, akiamua kupanda treni ya TAZARA, atashuka pale pale makutano ya Nyerere na Mandela, atavuka barabara, na atasubiri daladala la kwenda mjini.