Ule mkanda wa mawe angani haujabanana hivyo

Wadau wa sirizi za anga hapa Arusha wakianza kubishana kuhusu ulimwengu wa kwenye stori, wengi wanakubaliana jambo moja, kwamba kati ya Mars na Jupita mawe yamejazana na rubani lazima akwepe kwepe kama bodaboda wa Kilombero. Ni rahisi kuamini, maana tumeonyeshwa hivyo miaka yote.

Sasa, hayo mawe, yaani asteroidi, kweli ni nyingi, zinazojulikana tu zimepita milioni 1, ila eneo lenyewe ni kubwa mno, jiwe na jiwe kwa wastani yanaachana kama kilomita milioni 1 hivi na mwezi wetu uko kilomita 384,000 tu, hebu piga hesabu. Ukiyakusanya yote hayafiki hata asilimia 5 ya uzito wa mwezi. Pioneer 10, chombo cha anga cha NASA kisicho na rubani, ilikatiza hapo mwaka 1972 hadi 1973 ikatoka salama.

Kucheki mwenyewe wala huhitaji mitambo. Usiku usio na mawingu itafute Jupita, inang'aa kuliko nyota zote, na mwanga wake umepita katikati ya huo mkanda ndo ukakufikia. Azima darubini ya maguide wa safari, ishike isitikisike, utaona na miezi yake 4. Mawe yangebanana tungeona hayo?

Na mi naona huo utupu unanogesha stori zaidi, mchimba madini wa huko injini ikizima jirani yake yuko safari ya siku kadhaa, hapo ndo waandishi wangetubana kweli.