Mtupa Nao ni wa Asili

"Daktari, hii haina kemikali, ni majani tu." Maneno haya nayasikia karibu kila wiki hapa Jinja, Uganda, na mara nyingi anayeyasema ameshika kamba ya mbwa anayetetemeka. Mimi si daktari, ni msaidizi wa tiba ya mifugo, ila mtaani ukishika sindano tu tayari ni musawo, yaani daktari. Na majani sina ugomvi nayo. Mama yangu, mtu wa Arua, alitulea kwa majani, na asali ya kwao West Nile ninayo kabatini pamoja na sindano zangu. Ninachokipinga ni ile imani kwamba kilichochumwa porini hakiui.

"Cha asili hakina madhara"

Chukua mmea wa mtupa, ambao Baganda wanauita muluku. Tangu zamani wavuvi huuponda na kuumwaga majini ili samaki waelee wamelewa, na wakulima huupanda pembeni mwa shamba kufukuza fuko. Ukimwogeshea mbwa, kupe watakufa kweli. Lakini wanakufa kwa sababu mtupa ni sumu, na sumu ile haijui kupe anaishia wapi na mbwa anaanzia wapi. Dawa na sumu hutenganishwa na kipimo, na sufuria ya majani haina kipimo. Jani changa na jani kuukuu hayana nguvu sawa, na mkono wako leo si mkono wa jirani jana.

Tumbaku ni vilevile. Maji ya taaba iliyolowekwa usiku kucha huua viroboto kwa nikotini, na nikotini hupenya ngozi. Mtoto wa mbwa wa kilo mbili akioshwa nayo, kisha akajiramba, hachelewi kutokwa na mate, kutapika na kukakamaa.

Mwarobaini ni afadhali kidogo, maana mafuta yake hufukuza wadudu kwa muda mfupi. Shida ni paka. Paka hujiramba kutwa kucha, na ini lake halina uwezo wa ini la mbwa wala la mtu katika kuvunja sumu za aina nyingi. Ndiyo maana kidonge kimoja cha panadoli kinatosha kumuua paka. Ndiyo maana pia mafuta ya mti wa chai, yanayouzwa kwa jina zuri la "asilia", yamewalaza wengi wakipepesuka. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini usimpake paka hata tone, hata kama analala kitanda kimoja na huyo mbwa.

Kisha kuna kitunguu saumu cha kuua minyoo. Vitunguu, saumu na maji, vibichi, vya kupikwa au vya unga, huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, na paka ndiye huathirika kwa kiasi kidogo zaidi. Nililetewa mbwa aliyekuwa akilishwa saumu kila asubuhi kwa wiki tatu. Nilipomfunua mdomo, fizi zilikuwa nyeupe kama ganda la yai, na mkojo wake ulikuwa rangi ya chai ya rangi. Minyoo ilikuwepo yote.

"Upele wa mbwa dawa yake ni oil chafu"

Hii inaniumiza kuliko zote kwa sababu inafanywa kwa huruma. Mtu anaona mbwa wake anajikuna hadi damu, anaenda gereji, anapewa bure kopo la oil iliyomwagwa kutoka injini ya lori, anampaka kuanzia masikio hadi mkia. Wa mwisho niliyemwona alikuja amefungwa nyuma ya boda ndani ya gunia. Nilipomgusa, oil ilibaki kwenye vidole, nyeusi, inanuka moshi, na chini yake ngozi ilikuwa imepasukapasuka kama tope lililokauka. Tulimwosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu mara tano, na mara ya tano maji bado yalitoka kahawia.

Upele huletwa na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaochimba ndani ya ngozi au kukaa kwenye vishina vya manyoya. Oil huenda ikawaziba pumzi baadhi yao. Lakini ina mabaki ya mafuta ya gari na vyuma vilivyosagika, inaunguza ngozi iliyokwisha kuumia, na mbwa anapojiramba anaipeleka kwenye ini na figo. Na upele mwingine huhamia kwa watu, hivyo msishangae nyumba nzima ikianza kujikuna.

Dawa ipo, nayo ina hadithi yake. Ivermektini, ambayo wateja wangu huikataa kwa kuwa ni "kemikali", ilitokana na bakteria wa udongoni waliochotwa Japani. Satoshi Ōmura na William Campbell walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Sasa hiyo ni ya asili au ya kiwandani? Mbwa hajali. Anachohitaji ni apimwe uzito kwanza, kwa sababu hata hiyo ikizidi inaua, na mbwa wa ukoo wa koli wanaweza kufa kwa kiasi ambacho mbwa wetu wa kienyeji hawakihisi.

"Aliyelishwa sumu mnyweshe maziwa"

Wezi wa Uganda wanajua nyama yenye dawa ya wadudu hunyamazisha mbwa kabla ya ukuta kurukwa. Asubuhi mwenye nyumba anamkuta anatoa povu, na majirani wote wanataja kitu kimoja: maziwa. Wengine huongeza mayai mabichi na mafuta ya kupikia. Maziwa hayazimui sumu hizo. Mafuta yanaweza hata kusaidia baadhi yake kuingia mwilini haraka. Baya zaidi, mbwa mwenye degedege hawezi kumeza vizuri, kwa hiyo unachommiminia kinaingia mapafuni, na akiponea sumu anaweza kufa kwa nimonia. Mbebe, umpeleke kwa daktari mara moja, na chukua pakiti au mabaki ya nyama kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki. Nyingi ya sumu hizo za shambani hupingwa na dawa iitwayo atropini, lakini inahitaji mkono unaojua na haingoji mchana.

"Kichaa cha mbwa kina mizizi yake"

Hakina. Dalili zikishatokea, kwa mbwa au kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na hospitali za Ulaya hazina ujanja zaidi ya ile ya Mulago, Kampala. Kinachookoa maisha ni kabla ya dalili: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali ukachanjwe siku hiyohiyo. Pilipili, majani yaliyotafunwa na lile jiwe jeusi la kubandika kwenye jeraha vinapoteza muda na vinafunga uchafu ndani. Mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Zaidi ya kesi tisa kati ya kumi za wanadamu hutoka kwa mbwa, na wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia. Na kumlisha mbwa nyigu au pilipili ili awe mkali hakumwongezei ukali, kunamuunguza tumbo.

"Mahindi yenye ukungu ni ya mbwa"

Gunia likilowa, watu wanasema: haya tusile, tuwapikie mbwa posho, yaani ugali. Sumukuvu inayotokana na ukungu huo haiishi kwa kuchemsha, na ini la mbwa ni kati ya yale yanayodhurika upesi. Anaanza kukataa chakula, macho yanakuwa manjano, na mara nyingi ukimleta kwangu ini limekwisha. Mahindi hayohayo kwa farasi yana balaa lingine: sumu ya ukungu wa aina nyingine huyeyusha sehemu ya ubongo wake, akabaki anazunguka na kugonga kuta. Mukene nao, yaani dagaa, chekecha mchanga kwanza. Nimetoa mchanga wa ziwani kwenye tumbo la mbwa zaidi ya mara moja.

"Farasi ni ng'ombe asiye na pembe"

Farasi Uganda ni wachache. Utawaona Munyonyo kule Kampala, utawaona wakitembezwa kando ya Nile hapa Jinja, na huenda usimwone mwingine mwaka mzima. Kwa hiyo wanaowatunza ni watu waliolelewa na ng'ombe, na ndipo makosa yanapozaliwa.

Farasi hawezi kutapika. Alichokimeza kibaya lazima kipite mwili mzima, na ndiyo sababu tumbo lake likisokota si jambo la kungojea kesho. Akilala na kuinuka, akigeuza shingo kuutazama ubavu wake, akikunja mdomo wa juu, ita daktari, na mtembeze taratibu ukisubiri. Magadi na waragi, ile pombe kali, usimnyweshe. Kila siku ale nyasi kama kilo mbili kwa kila kilo mia za uzito wake, na maji lita 25 hadi 45, zaidi kukiwa na jua.

Chakula cha ng'ombe wa maziwa au cha kuku usimpe hata akikutazama kwa huruma. Vingine huwekwa dawa iitwayo monensini, ambayo ng'ombe anaivumilia na moyo wa farasi hauivumilii. Amitrazi, dawa ya kupe tunayoogeshea ng'ombe nchi nzima, nayo husimamisha utumbo wa farasi usifanye kazi. Halafu kuna kivuli. Mtu anamfunga farasi chini ya mparachichi akiamini anamtendea wema. Majani, magome na matunda ya mparachichi, ovakedo kama tunavyosema huku, humvimbisha kichwa na kuudhuru moyo. Mbwa ana unafuu zaidi hapo, ingawa kokwa likimkwama ni kisu.

Wapo wanaopaka mafuta ya mchaichai kuzuia ugonjwa wa farasi wa Kiafrika. Ugonjwa huu unabebwa na visubi, wadogo kuliko mbu, wanaouma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri, na kwa aina yake kali farasi tisa kati ya kumi wanaweza kufa. Harufu ya mchaichai hupotea kabla usiku haujaingia vizuri. Mwingize bandani kabla ya jua kuzama, weka wavu wa matundu madogo, uliza daktari kuhusu chanjo. Punda wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, huupata ugonjwa huohuo na mara nyingi hata hutojua.

"Basi mnataka kila kitu kiwe sindano"

Hapana. Kupe ng'oa kwa kibano, ukishika karibu na ngozi, kisha kagua katikati ya vidole na ndani ya masikio, wanakopenda kujificha. Fua matandiko ya mbwa kila wiki na uyaanike juani, kwa sababu mayai ya viroboto yako huko kuliko yalivyo mwilini. Kidonda kichafu kioshe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita.

Na asali. Utamu wake mwingi hufyonza maji ya bakteria na kuwanyima nafasi ya kuzaliana, na kidonda kinabaki na unyevu wa kiasi. Mwaka jana farasi mmoja alijichana mguu kwenye seng'enge. Baada ya daktari kumsafisha nilikuwa nikibadilisha kitambaa cha asali iliyochujwa kila siku hadi nyama mpya nyekundu ikajaa. Funga kitambaa cha pili juu, ukaze vizuri. Siku ya kwanza sikukaza, na nilipofika asubuhi nilikuta mstari wa siafu umepanda kutoka ukutani hadi gotini mwake, na yeye anapiga kwato sakafuni banda zima linatikisika.